Jasho Liende Wapi? Viatu vya Wawindaji wa Nchi za Theluji

Kwa wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki, Bata ni kiatu cheusi cha shule, kinachonunuliwa Januari kikiwa kinapwaya kidogo ili kimfae mtoto hadi Desemba. Kiwanda tunakijua, kiko Limuru. Chimbuko la jina lenyewe ni mji wa Zlín katika Jamhuri ya Czech, ambako Tomáš Baťa alianza biashara yake mwaka 1894 na ambako leo kuna chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake. Katika chuo hicho, mtaalamu wa viatu Petr Hlaváček aliichunguza jozi moja yenye umri wa miaka 5,300 hivi. Ni viatu vya Ötzi, yule mtu aliyeonekana mwaka 1991 akiwa amegandia katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Ötzi alikuwa na upinde ambao hajamaliza kuuchonga na podo la mishale, na tumboni mwake mlikutwa nyama ya mbuzi wa milimani na ya kulungu. Soli ya kiatu chake ilikuwa ngozi ya dubu. Ndani mlikuwa na wavu uliosukwa kwa nyuzi za gome la mti, na kati ya wavu huo na ngozi ya nje zilishindiliwa nyasi kavu. Hlaváček alishona nakala za viatu hivyo, watu wakapanda nazo milimani penye theluji, na waliozivaa walizisifu kwamba zinatunza joto na hazitoi malengelenge.

Nyasi hizo ndizo zilizonivuta. Mwindaji wa nchi ya baridi ana ngozi za wanyama tele, na mtu angetarajia kwamba ngozi na manyoya vimtoshe. Kwa nini basi ajaze kiatu majani makavu? Jibu linaanzia kwenye mguu wenyewe, kisha linagawanyika njia kadhaa kulingana na nchi, mnyama anayewindwa na namna ya kumwinda.

Kiatu hakitoi joto. Joto huletwa na damu, na mguu hupata kidogo. Misuli mingi inayokunja na kukunjua vidole iko juu, kwenye shavu la mguu, na sehemu kubwa ya unyayo ni mifupa, kano na ngozi, vitu visivyozalisha joto la maana. Baridi ikizidi, mwili hubana mishipa ya miguuni na mikononi ili joto libaki kwa moyo, mapafu na ubongo. Mwaka 1930 daktari Mwingereza Thomas Lewis alieleza jinsi kidole kilichotiwa kwenye maji ya barafu kinavyobana mishipa yake, kisha baada ya dakika chache kuifungua tena kwa muda, na kuibana tena. Hiyo ndiyo hisani pekee ambayo mwili unaifanyia ncha zake, na haidumu. Kazi ya kiatu, kwa hiyo, ni kulichelewesha joto hilo kidogo lisitoke, na kinachochelewesha ni hewa iliyotulia: hewa kati ya majani, kati ya nywele, kati ya nyuzi za sufu. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Kiatu kikilowa, hata kingekuwa kinene vipi, hewa imeondoka na maji yamekaa mahali pake. Na maji hayo si lazima yatoke kwenye theluji. Mguu wenyewe hutoa jasho, hasa mguu wa mwindaji aliyepanda mlima kwa kasi akiwa amebeba silaha na mzigo, kisha akaketi kimya kumsubiri mnyama. Kila mapokeo ninayoyalinganisha hapa yamelazimika kuamua jasho hilo liende wapi.

Wasami, ambao nchi yao imeenea kaskazini mwa Norway, Sweden na Finland hadi rasi ya Kola nchini Urusi, waliamua liende kwenye nyasi. Tunawajua zaidi kama wafugaji wa kulungu wa Aktiki, lakini kabla ufugaji wa makundi makubwa haujashika walimwinda kulungu huyohuyo porini, na walifanya hivyo juu ya skii. Kiatu chao cha majira ya baridi hushonwa kwa ngozi ya miguu ya kulungu, na uchaguzi huo ni wa watu waliomchunguza mnyama vizuri. Nywele za mgongoni mwa kulungu ni ndefu na zina uwazi ndani, hivyo hutunza joto sana, ila hukatika upesi zikisuguliwa. Nywele za miguuni ni fupi, ngumu na zimebanana, kwa kuwa mnyama mwenyewe huzipitisha kwenye theluji na vichaka maisha yake yote. Kwenye soli, mafundi huunganisha vipande ili nywele zake zielekee pande zinazopingana, hivyo mguu ukiteleza mbele nywele za upande mmoja hukataa, na ukiteleza nyuma hukataa za upande mwingine. Ncha ya kiatu imepinda juu ili kushika mkanda wa skii. Kifundoni huzungushwa utepe mrefu wa sufu uliofumwa kwa rangi, na theluji haipati pa kuingilia.

Ndani ya kiatu hicho mtu hakuvaa soksi. Alitia nyasi za jamii ya ukangaga, aina ambayo wataalamu wa mimea huiita Carex vesicaria. Zilikatwa majira ya joto, zikapigwapigwa na kuchanwa hadi makali ya jani yakaisha na zikawa laini, kisha zikasokotwa kuwa mafungu ya duara na kuwekwa akiba. Asubuhi fungu lilifumuliwa, likapangwa kuuzunguka mguu wote. Jioni lilitolewa, likachanuliwa karibu na moto, na kesho yake likarudi kazini. Nyasi hunyonya jasho na kulisogeza mbali na ngozi, na hata zikiwa na unyevu hubaki zimetanuka na kushika hewa. Ubora wake uliwashawishi hata wageni. Wasami wawili, Per Savio na Ole Must, walikuwa katika msafara wa Carsten Borchgrevink uliopitisha majira ya baridi Antaktika mwaka 1899, wa kwanza kufanya hivyo kwenye bara lenyewe. Wanaume wa Robert Scott waliofuata miaka michache baadaye nao walivaa viatu vya namna hiyo, wakavijaza nyasi zilezile.

Kiatu cha Msami kina mpaka wake. Hakizuii maji. Theluji ya baridi kali, ile kavu inayopeperuka, haikipenyi. Theluji inayoyeyuka hukilowesha mara moja. Ndiyo maana kwa majira ya maji Wasami walikuwa na viatu vingine, vya ngozi isiyo na nywele iliyotiwa dawa ya magome ya miti.

Sasa vuka uende kwa Wainuit wa Kanada na Greenland, na kila kitu kinageuka, kwa sababu uwindaji wenyewe umegeuka. Msami juu ya skii anasogea. Mwindaji wa sili wakati wa baridi husimama. Sili huishi chini ya barafu ya bahari na hutoboa mashimo ya kupumulia, na mwindaji akishalipata shimo kwa msaada wa mbwa wake, husimama juu yake ameinama, mkuki mkononi, akiangalia unyoya au kijiti chembamba kitakachotikisika sili akija kuvuta pumzi. Huenda akangoja saa nyingi. Hawezi kupiga miguu chini ili ipate moto, kwa kuwa barafu hupeleka mshindo chini na sili husikia. Wanetsilik, kundi la Wainuit ambao mvumbuzi Knud Rasmussen aliishi kati yao katika msafara wake wa 1921 hadi 1924, walisimama juu ya kipande cha ngozi ya manyoya. Kipande hicho kilifanya kazi mbili kwa pamoja, kwani kilizuia baridi ya barafu isipande na kikaua sauti ya nyayo.

Mguuni mwa mwindaji huyo mlikuwa na tabaka juu ya tabaka. Kwanza soksi ya ngozi yenye manyoya yaliyoelekea ndani, kwenye mwili. Juu yake nyingine, manyoya yakielekea nje. Kati ya soksi hizo na kwenye manyoya yake hewa ilikaa imetulia. Kisha likaja buti lenyewe, la ngozi ya kulungu kwa baridi kavu au ya sili kwa majira yenye maji. Ngozi ya sili iliyoondolewa nywele haipitishi maji, na hapo ndipo Wainuit walipofika mbali sana. Ngozi huweza kuzuia maji, lakini mshono? Sindano ikishapita, imeacha tundu. Washonaji wa Kiinuit walilitatua jambo hilo kwa mshono wa safu mbili ambao sindano haitokezi upande wa pili: inaingia katikati ya unene wa ngozi na kurudi ilikotoka, na safu ya pili inashonwa kutoka upande mwingine kwa namna hiyohiyo. Hakuna tundu linalopita moja kwa moja. Uzi ulikuwa ukano wa mnyama, ambao ukipata maji huvimba na kuziba hata ile nafasi ndogo ulimopita. Nimetazama picha za karibu za mishono hiyo, na unene wa ngozi inayogawanywa na ncha ya sindano kwa kukisia tu, bila kuona, ni jambo linalonifanya niiheshimu sana mikono ile.

Mikono hiyo ilikuwa ya wanawake. Wao ndio waliokwangua ngozi kwa kisu chenye umbo la nusu mwezi, wakazitafuna kwa meno hadi zikalainika, wakapima mguu kwa macho na kushona. Usiku, buti na soksi zilitundikwa juu ya taa ya jiwe iliyowaka mafuta ya sili, na asubuhi buti lililokakamaa lililainishwa tena kabla mwanamume hajatoka. Vitabu vingi vya zamani vya wasafiri vilieleza uwindaji kana kwamba ulianza pale mkuki ulipoinuliwa. Mimi nasema ulianza kwenye taa. Mwanamume mwenye buti linalovuja hasimami kwenye shimo la sili nusu siku. Atarudi mapema, mikono mitupu, au atarudi na vidole ambavyo nyama yake imeshakufa kwa baridi. Mwaka 1995 watafiti Jill Oakes na Rick Riewe walitoa kitabu kizima, Our Boots, juu ya sanaa hii ya wanawake wa Kiinuit, na jumba la makumbusho ya viatu lililoanzishwa na Sonja Bata huko Toronto limekusanya viatu vya watu wa pande zote za Aktiki. Jina la kiatu chetu cha shule limetufikisha tena mahali tusipotarajia.

Kwa hiyo Msami na Mwinuit wanafanana katika jambo moja kubwa: wote wawili walitenganisha kinachokaa nje na kinachokaa ndani, na cha ndani kikatolewa kila jioni kukaushwa. Wanatofautiana katika adui waliyemtanguliza. Msami alilishughulikia kwanza jasho la mguu unaotembea. Mwinuit alishughulikia kwanza maji ya bahari na ubaridi wa kusimama. Roald Amundsen, Mnorwe aliyekaa karibu na Wanetsilik tangu 1903 hadi 1905 na kujifunza mavazi yao, alitoka huko na somo ambalo wengi hulidharau: nafasi. Majira ya baridi ya 1911, kabla ya safari ya kwenda Ncha ya Kusini, yeye na wenzake waliyafumua na kuyapanua mabuti yao tena na tena. Soksi ya tatu ndani ya kiatu kinachobana hudhuru, kwa sababu hukandamiza hewa iliyopaswa kutulia na kuizuia damu iliyopaswa kufika.

Kaskazini mwa Japani, wawindaji wa milima ya Tohoku wanaoitwa matagi walimfuata dubu katika theluji nzito yenye unyevu. Kiatu cha theluji cha nchi hiyo kilisukwa kwa majani makavu ya mpunga, na nyasi, ambazo kwa Ötzi na kwa Wasami zilikuwa moyo wa kiatu, hapa zikawa kiatu chenyewe. Huko Japani pia inajulikana desturi ya kutia pilipili kavu ndani ya soksi. Pilipili haina joto la kuongeza, ila huamsha ngozi na kuita damu, na mtu yeyote aliyewahi kujipangusa jicho baada ya kukata pilipili hahitaji kuelezwa zaidi. Nchini Urusi wametegemea buti zima la sufu iliyoshindiliwa, lisilo na mshono hata mmoja. Ni zuri mno kwenye baridi kavu ya Siberia, na theluji ikianza kuyeyuka huvalishwa kalosha ya raba.

Raba hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo Marekani. Msimu wa kuwinda kulungu katika jimbo la Maine huangukia zaidi Novemba, wakati ardhi ni mchanganyiko wa matope, maji na theluji ya kwanza. Leon Leonwood Bean, mwindaji wa huko, alichoka kurudi nyumbani miguu ikiwa imelowa, akamwomba fundi viatu ashone ngozi ya juu kwenye kalosha ya raba. Mwaka 1912 alianza kuwauzia kwa posta wawindaji wenye leseni. Inavyosimuliwa, jozi 90 kati ya 100 za kwanza zilirudishwa kwa sababu raba na ngozi viliachana mshononi. Bean aliwarudishia watu fedha zao, akakopa, akaanza upya. Ukikumbuka mshono wa Mwinuit utaona tatizo ni lilelile: maji hayahangaiki na kiatu, hutafuta pale vitu viwili vinapokutana.

Mpango wa Bean una busara. Raba huzuia maji ya chini, ngozi ya juu huruhusu mvuke wa jasho utoke. Lakini vidole viko chini, ndani ya raba, na jasho lao halina njia. Mwindaji anayetembea polepole Novemba hataona shida kubwa. Shida ilionekana penye maisha ya watu: Novemba na Desemba 1950, karibu na bwawa la Chosin huko Korea, wanajeshi wa Marekani walivaa mabuti ya namna hiyohiyo, raba chini na ngozi juu, pamoja na soksi za sufu na nyayo za sufu iliyoshindiliwa. Walipanda milima wakitokwa jasho, kisha wakalala kwenye mahandaki katika baridi iliyofika nyuzi 30 za selsiasi chini ya sifuri na zaidi. Jasho liliganda ndani ya buti. Maelfu waliumizwa na baridi.

Jibu lililotolewa na jeshi linapingana kabisa na nyasi za Wasami. Walitengeneza buti ambalo sufu imefungiwa kati ya kuta mbili za raba, haiguswi na maji ya nje wala jasho la ndani. Mguu ndani yake unalowa, na unabaki na joto, kwa sababu tabaka linaloshika hewa halilowi kamwe. Buti jeupe la aina hii lilikusudiwa baridi ya hadi nyuzi 54 hivi chini ya sifuri, na lina vali ndogo ubavuni ya kusawazisha hewa likipandishwa ndegeni. Wawindaji wengi wa Alaska wamelipokea. Msami alisema jasho litolewe. Buti hili linasema jasho libaki, mradi lisifike kwenye sufu. Yote mawili ni kweli, na kila moja lina gharama yake. Nyasi zinadai kazi ya kila jioni. Buti jeupe ni zito, na anayelivaa lazima abadilishe soksi na kukausha ngozi ya mguu, la sivyo unyayo unaolowa siku nyingi utaharibika hata kama hauna baridi. Kwa mtazamo wangu, kwa mtu anayetembea mchana kutwa nyasi na manyoya bado ni bora. Buti jeupe ni la anayekaa.

Na wawindaji wa leo wengi hukaa, juu ya dungu lililofungwa mtini, tangu alfajiri. Wazoefu huenda dunguni wakiwa na soksi nyepesi na kamba za viatu zimelegezwa, soksi nene zikiwa mkobani, na hubadilisha wakishafika. Wengine hutia chini ya vidole pakiti za unga wa chuma, ambao hutoa joto ukikutana na hewa. Wengi huzilaumu kwamba hazina nguvu, kumbe wamezifungia kwenye buti lisilo na hewa, na chuma hakiwezi kupata kutu bila hewa.

Maine sasa ina wasemaji wake wa Kiswahili. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wamehamia Portland na Lewiston, na baadhi yao watakaribishwa na majirani kwenda kuwinda Novemba. Kwa baridi ile yenye maji, kiatu cha kulungu cha Msami kingelowa kabla ya saa nne asubuhi, buti la sufu la Mrusi vilevile, na buti jeupe la Alaska lingewachosha bure. Wanunue buti lenye raba chini na kibuti cha ndani cha sufu kinachotolewa, kubwa kuliko namba yao ya kawaida, na wanunue vibuti vya ndani viwili: kimoja kivaliwe, kingine kikauke karibu na jiko.